Unauza friji, simu au kochi lako mtandaoni? Siku hizi anayepigwa ni muuzaji, njooni tuambiane

Dalali wa Ukoo (mleta uzi)

Wakuu habari za mihangaiko, poleni na joto la Dar.

Kila nikipita kwenye magrupu naona wanaoonywa ni wanunuzi tu, usitume hela kabla hujaona mzigo, usitume ya kushikia, usitume nauli ya dereva. Sawa, hilo limeshasemwa mpaka watoto wa chekechea wanalijua. Ila kuna upande mwingine hausemwi kabisa, upande wa mtu anayehama nyumba Tabata anataka kupunguza vitu, au kanunua simu mpya anataka atoe ya zamani, anapiga picha nne anatupia Facebook au kwenye haya masoko ya mtandaoni, namba ya simu hiyo hapo chini, moyo umetulia kabisa maana anajiambia mimi nitatapeliwaje wakati mali ni yangu na ipo ndani kwangu. Huyo ndiye anayewindwa sasa hivi. Mali anayo, haraka ya kuuza anayo, na namba yake kaianika mwenyewe.

Mimi nauza sana hivi vitu, vya kwangu na vya ndugu wakihama au wakiondoka nchini, ndo maana nikajiita hivyo hapo juu. Naandika ninachokiona.

Nianze na mchezo ambao wengi hawaujui na ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu unawakutanisha watu wawili waaminifu wagombane huku mwizi yupo zake mbali kalala.

Kuna mama jirani yetu aliweka friji la milango miwili, 450,000, zuri halina hata mkwaruzo. Akapigiwa na mwanaume, sauti ya heshima, dada friji bado lipo? Lipo. Basi mimi nalichukua. Hakuomba kupunguziwa hata mia. Wakuu hapo tu ilitakiwa kengele ilie, Dar hii nani ananunua friji la mtumba bila kuomba kupunguziwa? Akamwambia mimi nipo kazini ila nitamtuma mdogo wangu aje na kirikuu, nakuomba kitu kimoja dada yangu, usizungumze naye habari za bei, kuna mambo ya kifamilia hapo, wewe muonyeshe friji tu, hela nakutumia mimi.

Sasa upande wa pili huyohuyo jamaa alishachukua zile picha za mama akazipandisha kwenye tangazo lake mwenyewe, friji lilelile, 280,000. Akampata kijana mmoja anaanza maisha huko Gongo la Mboto, akamwambia friji ni la dada yangu yupo Tabata, nenda kalikague kwa macho yako, uliwashe, ukiridhika unanitumia mimi hela kwenye simu maana dada hajui haya mambo, ila usimtajie bei atajisikia vibaya kujua naliuza kwa bei ya kutupa.

Unaona mtego ulivyosukwa? Kila mmoja kafungwa mdomo kuhusu bei kwa sababu ya heshima tu.

Kijana kafika na kirikuu. Mimi niliitwa kusaidia kubeba. Dogo kakagua vizuri sana, kafungua mlango, kagusa raba za mlangoni, kainama nyuma anasikiliza kompresa, kaweka mkono kwenye friza mpaka akasikia baridi. Karidhika. Kasogea pembeni kwenye mwembe, anabonyeza simu, karudi anatabasamu, haya mzee tupakie. Mama anasema subiri hela haijaingia. Dogo anasema nimeshatuma huoni hii meseji? Mama anaangalia yake, kimya. Akampigia yule jamaa, akajibiwa nimeshakutumia dada mtandao tu unasumbua leo, mruhusu apakie gari isije ikamtoza hela ya kusubiri. Mama akakataa. Dogo akaanza kupandisha, nyie ni genge moja, kaka yako kachukua hela yangu alafu wewe unakatalia friji. Kaka gani? Kaka yako! Mimi sina kaka, mimi nadili na kaka yako wewe!

Ndo watu wakaanza kuelewana taratibu. Kupiga ile namba, haipatikani.

Dogo alilia wakuu. Mama naye hakuwa na amani maana nyumba ilishajaa watu na dereva wa kirikuu anadai hela yake ya safari, na kwa yule dogo haingii akilini kwamba huyu mama hahusiki. Mwisho ikabidi waende wote wawili kwa mjumbe, kisha kituoni, friji likabaki ndani.

Na swali lililokuwa linaumaliza ule mchezo wote ni moja tu, aulize yeyote kati yao pale mlangoni: hela unampa nani, na ni shilingi ngapi? Sekunde tano. Kwahiyo mimi sheria yangu, anayekuja kukagua ndiye anayelipa, na analipa kwa mwenye nyumba, tukiwa tunaangaliana. Ukiniambia nisiongee bei na mtu wako, hatuna biashara.

Sasa la pili, meseji. Hii ni ya zamani ila bado inaua watu. Jamaa anakwambia tayari nimetuma, simu inaita kwa meseji, umepokea kiasi fulani kutoka kwa fulani, kumbukumbu namba ndeeefu, salio lako jipya ni kadhaa. Imepangwa vizuri kabisa. Ukiwa na mtu mlangoni anakuharakisha na bodaboda inaunguruma hutaangalia imetoka kwa nani. Angalia. Ikitoka kwenye namba ya kawaida ya tarakimu kumi, hiyo kaiandika mwenyewe. Alafu kuna kitu tapeli hawezi kukijua, salio lako. Anabahatisha. Una elfu nne kwenye simu, kakutumia laki nne na nusu, meseji inasema salio jipya 612,300. Hiyo nyingine imetoka wapi? Ila msitegemee hiyo peke yake, wengine wanajua kuacha sehemu ya salio. Meseji sio risiti. Risiti ni salio, na salio unaliangalia mwenyewe kwenye menyu, *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx (zamani Tigo Pesa), *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa. Ingia, weka namba ya siri, angalia, ndo useme beba. Akinuna anune.

Na ukisikia "nimezidisha kimakosa, nilitakiwa kutuma 400 nimetuma 450, nirudishie hiyo hamsini", hapo nenda kwenye salio kabla hata hujamjibu. Mara nyingi hakuna hata senti iliyoingia, unamrudishia hela yako mwenyewe na friji juu.

Ni hayo kwa sasa, wengine ongezeeni.

chumvi ya Feri

Nimekaa siti ya mbele kabisa, ngoja wajuvi waje

Fundi wa Msimbazi

Mleta uzi upo vizuri sana. Mimi nipo Kariakoo kwenye simu ngoja niseme ya kwenye simu maana ndo bidhaa inayouzwa kuliko zote na watu wanaziuza kizembe mno.

Kwanza mnaziuza na maisha yenu ndani. Mtu analeta simu hapa nimtafutie mteja, nikiiwasha nakuta picha za familia, picha ya kitambulisho cha NIDA mbele na nyuma, laini ya pili bado imo, memori kadi bado imo. Huyo mteja atakayeichukua humjui, kitambulisho chako kiko mikononi mwake. Kabla hujauza, hamisha vitu vyako, toa laini zote na kadi, alafu TOA AKAUNTI YA GOOGLE kwenye mipangilio ndo ufute kila kitu. Ukifuta bila kutoa akaunti simu ikiwaka inaweza kumuomba mteja imeili na nywila zako, atakupigia saa tano usiku anakuita mwizi. iPhone ndo kabisa, lazima uzime ile ya kutafuta simu na utoke kwenye iCloud, usipotoka umemuuzia tofali.

Kompyuta nazo hivohivo, kufomati kwa haraka hakufuti mafaili, kuna programu zinayarudisha mchana kweupe. Kama ilikuwa na mambo ya ofisi au ya hela toa diski uza bila diski, au mpe fundi unayemuamini afute kwa kuandika juu yake.

Pili, kuna hawa wa kubadilishana, "nakupa iPhone yangu na laki mbili juu wewe nipe hiyo Samsung". Sipendi kabisa hii biashara wakifanya watu wasiojua simu. Unapewa kitu kinawaka kinapendeza, kesho kinakuomba akaunti ya mtu usiyemjua. Au ni ya wizi. Kama ni lazima, ifute pale pale mbele yake, iwake upya, uweke akaunti yako, upige na kupokea kwa laini yako. Akisema hana muda, muda hana kwa sababu anajua.

Tatu ndo ninayotaka muiangalie, na hii wengi hawaijui. Simu ina IMEI, tarakimu 15, piga *#06# utaiona. Mnakumbuka 16 Juni 2016 TCRA walivyozima simu feki usiku? Walizima kwa kutumia hizo IMEI. Na mtu akifanya uhalifu kwa simu uliyomuuzia, polisi wakifuatilia IMEI wanakuta laini zilizowahi kukaa humo, na yako ipo imesajiliwa kwa alama za vidole. Watakuja kwako kwanza. Sisemi utafungwa, nasema utaenda kueleza. Ukiwa na karatasi uliyoandikiana na mnunuzi, IMEI imeandikwa, jina lake, tarehe, umeeleza dakika kumi umerudi nyumbani. Usipokuwa nayo utaeleza sana.

Mzee wa Pingamizi

Mnakuza mambo bana. Nimeuza kabati, feni, jiko la gesi, sabufa, vyote mtandaoni na sijawahi kupigwa. Mkiendelea hivi watu wataogopa kuuza hata ndoo. Tapeli anamuona mtu mwenye tamaa tu.

Dalali wa Ukoo

Mzee nakuheshimu ila hapo umeteleza. Yule mama alikuwa na tamaa gani? Alikuwa anauza friji kwa bei aliyoitaja yeye mwenyewe. Hii ya kusema aliyepigwa ni mwenye tamaa ndo inafanya watu wanyamaze wakilizwa, wanaona aibu, na tapeli anahamia kwa jirani anaanza upya na picha zilezile.

Na sijasema watu wasiuze. Mimi kesho nina makochi ya shemeji yangu yanaenda hewani.

Sista wa Sinza

Hii mada tamu. Ngoja niongee kama mwanamke maana kaka zangu humu mnaongelea hela tu.

Ukiweka namba yako kwenye tangazo la kabati la nguo, jua umeiweka kwa kila mwanaume asiye na kazi Dar es Salaam. Nusu ya simu sio za kabati. Kwahiyo mimi nina laini ya pembeni ya kuuzia vitu tu, nikimaliza naizima. Na jina la WhatsApp la laini hiyo sio jina langu kamili, na picha sio ya kwangu ni ya ua.

La muhimu zaidi, kuna ujanja wa namba ya uhakiki ya tarakimu sita. Mteja anakwambia dada matapeli wamezidi, nataka kuhakikisha wewe ni mtu wa kweli, nimekutumia namba kwenye meseji nisomee. Inaingia kweli meseji ina tarakimu sita. Ukimsomea tu, WhatsApp yako inahamia kwenye simu yake. Hizo namba zimetoka WhatsApp wenyewe kwa sababu yeye anajaribu kuisajili namba yako kwake. Rafiki yangu wa kanisani walimfanyia, kufika jioni mama mchungaji, shangazi, mabosi kazini, wote wameombwa "naomba uniazime laki mbili nina dharura nitarudisha kesho asubuhi". Waliotuma wapo. Yeye ndo kabakia kupiga magoti kwa watu kwa madeni asiyoyakopa. Nendeni kwenye mipangilio ya WhatsApp muweke ile namba ya siri ya hatua ya pili, leo, sio kesho.

Na wakikuomba picha ya kitambulisho "ili ofisi ipitishe malipo", kataa. Namba ya NIDA haihitajiki kununua kabati. Pigeni *106# muone laini ngapi zimesajiliwa kwa vitambulisho vyenu, wengine mtashangaa.

Kuhusu kukutana, vitu vidogo kama simu sileti mtu nyumbani hata kama ni mwanamke mwenzangu. Tunakutana Mlimani City, mchana, sehemu yenye watu na walinzi. Vitu vikubwa haikwepeki lazima aje, basi nakisogeza sebuleni karibu na mlango, TV naifunika, na siku hiyo kaka yangu yupo au mama mwenye nyumba yupo. Picha za tangazo pia, acheni kupiga picha kochi huku nyuma inaonekana TV ya inchi 65 na dirisha halina nondo, mnatangaza kochi au mnatangaza nyumba?

Dogo wa Manzese

Dada hiyo ya picha umeua 😂😂

Mimi naongezea ya bodaboda. Brother yangu alikuwa anauza simu Ubungo, mteja kaja amepakiwa kwenye boda, kaikagua palepale juu ya boda hajashuka, "ngoja nisikilize spika", boda ikaondoka. Ndo ikawa imetoka hiyo. Siku hizi anamwambia mteja shuka, zima pikipiki, tukae ndani ya mgahawa, na simu inashikwa na mtu mmoja hela nayo imeshikwa na mtu mmoja alafu mnabadilishana kama wafungwa wa vita

Konda Mstaafu

Wale wa mikoani hamjawataja. Mteja yupo Mwanza au Mbeya kweli, sio tapeli, lakini namna ya kutuma ndo shida. Mimi nimekaa kwenye mabasi muda mrefu, kuanzia Ubungo ya zamani mpaka hii stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis.

Usitume mzigo kwa ahadi ya "nikiupokea nakutumia". Hakuna konda atakayekusaidia kumdai mtu Mwanza. Hela iingie, uione kwenye salio, ndo uende ofisi ya basi, sio kumpa konda mkononi, ofisini, wakuandikie risiti yenye namba ya mzigo, jina na simu ya mpokeaji, na waandike ni nini na thamani yake. Mkiandika "parseli" tu na ndani kuna kompyuta ya milioni, ikipotea mtalipwa kwa thamani ya parseli, kama mtalipwa.

Kabla ya kufunga boksi piga video, kitu kinawaka, namba ya nyuma inasomeka, unakiweka kwenye boksi, unafunga gundi, unaandika jina. Yote video moja bila kukata. Maana kuna mteja mwingine naye ni mjanja, anapokea kizima anabadilisha anatoa kibovu chake anakwambia umenitumia kibovu rudisha hela. Namba ya nyuma ikiwa kwenye video kazi kwisha.

Na picha ya hati ya benki, ile karatasi ya kuweka hela, sio malipo. Inatengenezwa stesheneri yoyote.

Mpemba wa Magomeni

Konda umesema kweli tupu. Halafu ile ya hela kuvutwa mbona hamjaigusa? Mtu anakutumia hela ya kweli, salio umeliona, anabeba mzigo, akifika Buguruni anapiga huduma kwa wateja anasema nimekosea namba nirudishieni. Ikiwa hela bado imelala hapo kampuni inaweza kuizuia wakati inachunguza. Nimeshuhudia kwa ndugu yangu.

Dalali wa Ukoo

Nilikuwa naifikia mkuu, asante. Hii dawa yake ni mbili. Maongezi yote yawe ya maandishi, hata kama mmeongea kwa simu mwandikie WhatsApp "kama tulivyokubaliana unanunua friji aina fulani kwa kiasi hiki, unalipa kwenye namba hii", ajibu sawa. Wakipiga huduma kwa wateja na wewe una cha kuonyesha. Ya pili, kama ni hela ya maana nenda naye mpaka kwa wakala, atoe, akukabidhi taslimu hapo hapo, wewe uweke kwako kama unataka. Ada anaweza kulalamika, gaweni nusu kwa nusu.

Taslimu nayo uihesabu mwenyewe na uiangalie kwenye mwanga, sura ya Mwalimu inatakiwa ionekane ndani ya karatasi ile sehemu nyeupe. Noti za elfu kumi ndo wanazochezea zaidi, usiku usipokee, na usikubali ihesabiwe na yeye ikirudi ikaenda ikarudi mkononi kwake. Huo mchezo wa kukunja noti unaujua mtu wa mjini.

Wakili wa Mtaa

Nimesoma uzi wote, ngoja nitie neno upande wa sheria kidogo, kwa kifupi maana sio ofisini.

Kujipatia mali au hela kwa udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na ukifanyika kwa kompyuta au simu ipo pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kwahiyo msiseme "polisi watasema ni deni la kawaida". Nendeni mkafungue jalada mpewe RB (namba ya taarifa yenu polisi), na mwende na vitu, namba iliyowapigia, picha za skrini, kumbukumbu namba ya muamala, kiungo cha tangazo. Ile meseji ya kitapeli tumeni pia kwenda 15040, ni bure, TCRA ndo walioiweka. Msifute mazungumzo kwa hasira! Watu wakishapigwa wanambloku mtu na kufuta kila kitu, alafu wanakuja kwa wakili mikono mitupu.

Upande wa muuzaji, hakikisha na wewe unachouza ni chako. Nimeona kesi mtu anauza TV aliyoachiwa na mpangaji aliyekimbia kodi, au simu "niliyoiokota". Kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu kinamgusa anayepokea au kukaa na mali huku anajua au ana sababu ya kuamini ni ya wizi. Na kanuni ya mauziano ni kwamba huwezi kumpa mtu umiliki usiokuwa nao, mwenye mali akijitokeza mnunuzi wako atanyang'anywa, na atakugeukia wewe.

Ile karatasi Fundi aliyosema, iandikeni kwa Kiswahili cha kawaida tu. Mimi fulani nimemuuzia fulani kitu hiki, chenye namba hii, kikiwa kinafanya kazi isipokuwa kasoro hizi (zitajeni, kama friji lina mlio useme lina mlio), kwa shilingi kadhaa, zimelipwa zote. Sahihi mbili na shahidi. Kasoro ukiziandika hawezi kurudi baada ya mwezi anadai ulimficha. Kitu kikubwa nendeni serikali ya mtaa wagonge muhuri.

chumvi ya Feri

Wakili nina swali la haraka. Nimeuza pikipiki mwaka jana kupitia mtandao, jamaa kalipa yote, nikampa na kadi, ila kadi bado inasoma jina langu. Jamaa anasema atabadilisha akipata nafasi. Kuna shida?

Fundi wa Msimbazi

Duh. Kwahiyo pikipiki inazunguka Dar na jina lako

Wakili wa Mtaa

Shida ipo mkuu. Kwenye kumbukumbu za TRA mwenye chombo bado ni wewe. Faini za trafiki zinaandikwa kwa namba ya usajili, na ikigonga mtu au ikatumika kupora simu, anayetafutwa ni mwenye jina. Kwa wale wa magari ongeza na ushuru wa maegesho wa TARURA, nao unakaa kwenye namba ya gari, unajilimbikiza kimyakimya.

Mkataba wa mauziano mlisainishana?

chumvi ya Feri

Karatasi ipo ya mkono, shahidi ni mwenye duka. Namba yake ninayo na anapatikana, anakaa Mbagala Rangi Tatu

Wakili wa Mtaa

Afadhali. Mpigie leo, mkubaliane siku, muende wote wawili TRA na kadi halisi, mkataba, vitambulisho vyenu na TIN, mfanye uhamisho wa umiliki. Kabla ya siku hiyo ingiza namba ya pikipiki kwenye mfumo wa faini za barabarani uone kuna deni gani na la tarehe zipi, yaliyo baada ya tarehe ya mkataba ni yake. Akianza kukuzungusha mwandikie kwa maandishi kwamba ulishamuuzia tarehe fulani na unamtaka abadilishe, peleka nakala TRA na moja ibaki kwako.

chumvi ya Feri

Nimempigia. Anasema alishaiuza kwa mtu mwingine huko Chanika tangu Desemba 🤦🏾‍♂️

Mzee wa Pingamizi

Aiseee

Wakili wa Mtaa

Sawa, usipaniki. Muombe jina na namba ya huyo wa Chanika, na karatasi waliyoandikiana kama ipo. Wewe peleka barua TRA na mkataba wako wa kwanza kesho asubuhi bila kumsubiri mtu, na pita kituo cha polisi uache taarifa kwamba chombo kipo kwa mtu usiyemjua. Njoo inboksi nikutumie mfano wa barua.